Mkono Uliotangulia Kicheko

Ulikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nasema uongo. Mafuriko yalikuja mwaka uliofuata. Huu ni ule mwaka mtaa ulipowekwa lami, maana kinyozi waliyemwita Taratibu alishinda akilalamika kwamba vumbi la kokoto linamharibia mashine.

Taratibu alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Televisheni aliitundika ukutani nyuma ya kiti, mteja akawa anaiangalia kupitia kioo. Kila Jumamosi alasiri kilikuwapo kipindi kilichojaza benchi mpaka wengine wakasimama mlangoni. Jamaa wenye kamera ya siri humwendea mtu wa kawaida, wakampa habari mbaya ya uongo, kisha wakaonyesha anavyohangaika. Mwishowe humwambia ulikuwa mzaha, wakampa sufuria ya zawadi.

Sasa, kichwa kinachocheka hakinyoleki. Ukizubaa, unamwachia mtu njia ya panya utosini. Kwa hiyo Taratibu alizoea kunyanyua mashine kabla kicheko hakijafika, na wateja walimtania kwamba lazima ana majini yanayomnong'oneza.

Jumamosi moja aliyetokea kwenye kioo alikuwa mama dobi, anayemfulia taulo za dukani. Mama huyu ndiye aliyempokea Taratibu alipohamia mtaani hana hata mkeka, akamfanya mwanawe. Taratibu hakuwa na ndugu mwingine. Basi kwenye kipindi mama akaambiwa lori analoendesha mwanawe wa kuzaa limepinduka darajani. Mama wa watu hakuuliza swali la pili. Aliliacha beseni, akavua kandambili, akatoka mbio.

Benchi zima likavunjika mbavu. Fundi viatu wa jirani alijifuta machozi, akasema bibi yule angefaa kupelekwa kwenye mashindano.

Taratibu hakucheka. Lakini alipojitazama kiooni aliuona mkono wake uko juu, mashine inanguruma hewani. Ulikuwa umenyanyuka tangu mama anainama kuvua kandambili, kabla hajapiga hata hatua moja.

Jumatatu mama dobi alileta taulo zimekunjwa vizuri kama siku zote. Mama akaketi, akasema amesikia kwamba ameonyeshwa.

"Ulikuwepo, mwanangu?"

"Nilikuwepo, mama."

"Wakacheka?"

"Walicheka sana."

"Na wewe?"

Angeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli.

"Mimi niliwanyanyulia mashine, mama, wapate kucheka vizuri."

Mama aliinuka. Akafunga taulo chafu kwenye shuka, akajitwika, akaondoka. Zilipokuwa safi alimtuma binti wa jirani azirudishe, na ikawa hivyo wiki zote zilizofuata. Taratibu alikwenda kwake mara kadhaa. Alikaribishwa kiti, akajibiwa salamu, basi. Ile "mwanangu" hakuisikia tena.

Akaacha kuwasha televisheni Jumamosi. Benchi likahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, wakabaki wachache wasiopenda kutembea. Hao aliwanyoa polepole, na akiwashika utosi kwa kiganja aliwauliza jambo moja. Fundi viatu alimwambia anyoe tu, jua linazama. Wengine walifumba macho kama waliosinzia.

"Yule mama alipokuwa anakimbia," aliwauliza, "sisi tulikuwa tunataka afike, au tulitaka azidi kukimbia?"