Mdomo wa Yeslam

Bi Mwanatatu wa Jomvu Kuu alikuwa mshona kofia na msomaji wa barua za mtaa mzima. Herufi alizijulia ukubwani, darasa la gumbaru, na wallahi alizishika kuliko wengi walioanza utotoni. Ila alikuwa na yake: barua hakuisoma ilivyoandikwa, aliisoma kwa mdomo wa mwenyewe. Shuleni, mtoto wa Jomvu aliyeandika "ndoo", kama isemwavyo kwao, alichapwa hadi aandike "njoo". Basi aliandika "njoo" umri wake wote, na umri wake wote akasema "ndoo". Bi Mwanatatu akikuta "njoo" kwenye karatasi, yeye husema "ndoo", na mama mtu akasikia mwanawe anaita.

Ilipofika mwaka wa themanini na sita kazi hiyo ilimpungukia, maana kila nyumba ilikuwa na msichana wa darasa la saba. Hata Bi Sheikha, jirani yake ukuta kwa ukuta, ambaye mwanawe Yeslam alikuwa akifanya kazi Maskati, alimpa barua mjukuu wake Ruwaida. Jamani, iliuma! Wiki ile Bi Mwanatatu alishona kofia mbili kombo.

Siku ya tatu baada ya barua kufika, Ruwaida akaja mbio asubuhi.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu. Bibi hali chakula tangu juzi. Asema Mjomba Yeslam amekufa."

"Marahaba. Nani kaleta habari hizo?"

"Hakuna! Barua ya Mjomba ndiyo hii, nimemsomea mimi mwenyewe, vile vile ilivyoandikwa. Asema huyo ni mtu wa redioni, si mwanawe. Ati wenziwe wamemzika huko, sasa wanaandika wao ili yeye asijue."

Moyo wa Bi Mwanatatu uliruka kwa furaha kuwa ameitwa tena. Kisha aliona haya, mwenziwe yuko matangani naye anafurahi. Aliuficha ushanga wa shingo ndani ya kanga, maana matangani hapaendewi na mapambo, akatoka.

Bi Sheikha alikuwa amelala kitandani, ameukabili ukuta. Sahani ya wali ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kawa.

"Usinisomee," alisema. "Nishamlia."

Bi Mwanatatu aliketi ukingoni mwa kitanda, akaikunjua barua. Mwandiko ulikuwa wa Yeslam, hana shaka nao. Lakini mwandiko utamwambia nini mama asiyejua kusoma? Akakohoa kidogo, akaanza kwa ile sauti ya Yeslam ya kuvutavuta maneno.

"Mama, yana nimepata ndia. Mwezi wa Rajabu nakuya. Usinipikie zakula zingi, mtele na samaki zanitosha."

Kitanda kikalia. Bi Sheikha alikuwa amegeuka.

Ruwaida, maskini, alikuwa akifuatisha kwa macho juu ya bega la Bi Mwanatatu. "Lakini hapa pameandikwa mchele," alisema.

Bi Mwanatatu alimkata jicho. Mtoto huyu atamuua Yeslam mara ya pili!

"Wewe nawe!" Bi Sheikha aliketi kitako, machozi yakimtiririka. "Yeslam wangu tangu azaliwe hajala mchele. Hula mtele."

Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akaivuta ile sahani, akafunua kawa. Wali ulikuwa umepoa. Akakata tonge, akala, akakata jingine.

"Rudi hapo pa mtele," alisema, kinywa kimejaa.