Kwenye Kamba ya Watu Wasiosemezana

Nilipokuwa mchimbaji Rwamgasa, uhai wangu ulikuwa mikononi mwa watu wawili wasiosemezana. Mimi nashuka ndani ya duara, shimo letu la dhahabu. Wao wako juu, kila mmoja na mpini wake wa gogo linalozungusha kamba. Gogo lile halitaki kununiana. Mmoja anaita, mwenzake anaitika, wanazungusha pamoja.

Ugomvi uliletwa na msiba. Mmoja wao alikuwa Mha wa Kigoma, mtani wetu sisi Wasukuma. Baba yangu alipofariki kule Mhunze, Mha huyo alikuja akalala mbele ya jeneza, akagoma kuamka hadi marehemu amwombe radhi, nami nikacheka huku machozi na kamasi vinanitoka. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda hadi leo. Mwingine alikuwa Mmbulu, mtu wa maneno machache, na kwao hawana utani na Waha. Siku alipopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, Mha alivuta sahani ya ugali ya mwenzake.

"Mfiwa hasikii njaa, lete hapa!"

Akaula wote, akalamba na vidole. Mmbulu aliinuka, akafungasha. Alikwenda kuzika, akarudi, na tangu hapo hakumsemesha. Tulipomweleza mwenye duara, alisema yeye ameajiri mikono, hakuajiri midomo.

Asubuhi moja walikuwa wananipandisha, mguu wangu kwenye kitanzi, na nilisikia gogo likilia bila sauti ya mtu. Kamba ilikuja kwa kushtukashtuka. Ghafla nikaporomoka, kisha nikakwama, nikaning'inia, bega limechunwa na mwamba. Nilijua ni nani aliyeachia. Nilimlaani Mmbulu na ukoo wake wote, halafu woga ukanishinda.

"Mayu wane!"

Mtu mzima na ndevu zangu, namlilia mama yangu kwa Kisukuma.

Kisha kutoka juu nikasikia sauti ya Mmbulu, imebanwa kama ya mtu aliyebeba mzigo.

"Anamwita mama yake. Mimi wangu nilipomlilia, wewe ulikula chakula changu."

"Kaka, ule ulikuwa utani! Kwetu sisi, mtu asiyekupenda hawezi..."

"Shika mpini."

Gogo likazunguka. Safari hii mmoja aliita, na mwenzake akaitika.

Nilitoa kichwa nje na matusi yangu tayari mdomoni. Nikaona viganja vya Mmbulu vinavuja damu.

"Ni mimi niliyeachia," Mha alisema, macho chini. "Nilibadilisha mkono, sikumwambia. Amekushikilia peke yake."

Matusi nikayameza. Mha akamgeukia mwenzake.

"Kwenu mtu akifiwa, mnamfanyia nini?"

"Tunakaa naye."

Mha akaketi juu ya kifusi, karibu naye, mdomo kaufunga. Nami nikaketi. Mwenye duara alikuja, akafoka mpaka akachoka, na hakuna aliyeinuka.