Nilidhani mke wangu anamfundisha mama kunizuga

Wakuu, salaam. Hili sikusimuliwa, limetokea jikoni kwangu hapa Mirongo, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu alipata stroke, yaani kiharusi. Akainuka, anatembea, anaongea, ila kichwa hakishiki mambo mawili kwa pamoja. Akibandika sufuria halafu mtu akapiga hodi, sufuria imesahaulika. Nusura aunguze nyumba yake kule Kisesa, ndio nikamleta kwangu.

Hospitali wakampa mke wangu zoezi la karata la kumfanyisha mama. Unafunua karata, mgonjwa anataja siyo anayoiona, bali iliyotangulia.

Mwanzoni mama alilia kwa hasira. Baadaye akawa hakosei.

Hapo nikashtuka.

Mama alikuwa anadai kurudi kwake, na mke wangu anamuunga mkono. Haraka ya nini? Nikahisi anampa ishara kwa macho, aonekane amepona, aondoke. Walio kwenye ndoa wananielewa.

Halafu, karata na jiko wapi na wapi?

Jumamosi mke wangu alipoenda sokoni, nikamwambia mama, "Leo nipikie wewe."

Akabandika wali. Nikatoka nje, nikampigia simu, nikamchokoza kwa habari za shangazi. Kwa shangazi huwa hanyamazi.

"Ngoja kwanza, nina wali motoni." Akakata.

Nikagonga mlango kwa fujo. Nikamsikia anapunguza moto, ndipo akaja kufungua. Akaniangalia usoni.

"Umemaliza kunipima?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza amewezaje.

"Mkeo alikuwa ananisumbua makusudi," akasema. "Nikishika karata kichwani, yeye anaimba, anagonga sahani, ananiuliza maswali. Nikazoea kushika changu kwanza, mengine yasubiri. Hata hapa jikoni nafanya hivyo hivyo."

Mama yuko Kisesa sasa. Majina ya wajukuu bado anayachanganya, hilo karata hazikusaidia. Ila anapika mwenyewe.

Mke wangu nilimweleza yote. Kwa mama anaenda kila wiki. Mimi bado ananijibu kwa mkato.

Funzo: mazoezi ya kimya kimya peke yake hayatoshi, changanya na vurugu za nyumbani. Na kabla hujamshuku anayekuuguzia mzazi, kaa naye uone anachofanya.

Mliouguza mtu wa hivi, kwenu mazoezi yalisaidia maishani au yaliishia kwenye karata? Semeni, hata mkinisema mimi sawa tu.