Jiwe la Efeso

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilipokuwa nakwenda likizo Uturuki, kanisa letu la Wakenya hapa Mesquite, Texas, liliniombea safari njema. Mama Wanjiru, ambaye anaugua figo, akanishika mkono. "Ukifika Efeso, pale Paulo alihubiri, niletee kajiwe tu."

Niliahidi. Lakini nilifikia kijiji kimoja cha pwani, kimya kabisa, paka wamelala juu ya nyavu. Mimi ni muuguzi, na baada ya zamu zote za hospitalini nilikaa tu nikila samaki na kutazama bahari. Kila asubuhi nilisema Efeso nitaenda kesho. Nikajikuta kwenye ndege ya kurudi, Efeso sijaiona.

Kwa hivyo niliokota jiwe la lami kwenye maegesho ya magari ya kwetu. Nikalipangusa vumbi juu juu, nikalifunga kwa kitambaa, nikampelekea. Alilia. Hapo ndipo ningesema ukweli, na hadi leo najuta sikusema.

Jumapili iliyopita niliitwa mbele nitoe ushuhuda. Nikaeleza nguzo na ngazi za marumaru, yote niliyosoma kwenye simu. Mama Wanjiru akainuka polepole, jiwe mkononi. Akasema hulishika kila anapowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Nina swali, mwanangu," akasema, akiligeuza. Chini lilikuwa na mstari wa rangi ya njano, ule wa kugawa nafasi za magari. "Kwani Paulo alikuwa anapaki wapi?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa akingoja jibu.