Kilichobaki Upande wa Kulia

Mwaisha binti Salum alirudishwa kwao Towelo Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 1912, siku ya ishirini na mbili tangu apasuliwe. Wanaume wanne walimpandisha kwa machela kutoka hospitali ya Wajerumani mjini. Kila njia ilipobana, mama yake, Mwanaheri, alitangulia akasukuma mawe pembeni kwa mguu, huku akiwakaripia wabebaji utadhani wamebeba chungu chenye ufa.

Wanawake majirani walikuwa wamekwisha kufika na vyungu vya uji. Walijipanga nje ya mlango, na hakuna aliyefungua mdomo. Aliyejifungua huambiwa hongera, aliyefiwa huambiwa pole. Huyu hakujifungua wala hakufiwa, na bado kuna kitu kilitoka tumboni mwake kikabaki mjini. Mwishowe Pili, jirani wa nyumba ya chini, alishindwa kuvumilia.

"Pole, shoga," alisema. "Na hongera ya kupona. Haya, mbona mnanikodolea macho? Semeni nyie basi!"

Wakacheka. Mwaisha naye alicheka, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Usinichekeshe, Pili. Nitafumuka."

"Ukifumuka tutakushona kwa ukindu. Mdachi ana uzi mzuri, lakini mkeka hajui."

Alilazwa nyumbani kwa mama yake, si kwake. Nyumba aliyojengewa na mumewe, Kibwana, ilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, lakini Mwanaheri alisema mgonjwa ni wake, na juu ya hilo hakuna aliyebishana naye.

Mwanaheri alikuwa mkunga. Watoto wengi wa Towelo walipokewa na mikono yake, na wanawake walimwamini hata alipowapapasa juu ya nguo. Mwenyewe alizaa watano, akabakiwa na Mwaisha peke yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nyumba ya Mwanaheri isingeendelea ila kupitia kwa binti huyo mmoja. Mwaisha alizaa mtoto wa kiume aliyeishi miezi tisa. Baadaye mimba mbili ziliharibika. Kisha, mwaka juzi, tumbo likaanza kupanda. Mwanaheri alilipapasa akasema bila wasiwasi, "Mimba hii. Na mtoto ni wa kike, amelala upande." Habari zikaenea mlima mzima. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi na mbili ukapita. Mkunga akawa anasema mtoto ni mzito wa kutoka. Mwezi wa kumi na nne ilitoka damu, ikaja tena, ikaja tena, hadi siku moja ikakataa kukatika, na ndipo machela ilipoteremka mjini kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uvimbe. Tangu siku hiyo Mwanaheri hakutamka neno juu ya alivyokosea, wala Mwaisha hakumkumbusha.

Siku tatu kabla ya kuruhusiwa, daktari alisimama miguuni pa kitanda pamoja na msaidizi wake, Severini, mtu wa Matombo aliyesoma kwa mapadri, aliyekuwa akitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema uvimbe wote umetoka, na tumbo la uzazi limetoka pamoja nao. Hutaona mwezi tena, wala hutashika mimba."

"Hayo alikwisha kuyasema."

"Leo ana mengine. Pembeni mwa tumbo la uzazi kulikuwa na vitu viwili, kila upande kimoja, vinene kama ncha ya kidole gumba. Humo ndimo hukaa mayai ya mwanamke."

"Mayai? Kwani mimi kuku?"

Severini alijizuia kucheka. Daktari akauliza kimesemwa nini, akaambiwa, yeye hakucheka.

"Cha kushoto kilikuwa kimeharibika, amekitoa," Severini aliendelea. "Cha kulia kina malengelenge madogo. Alitaka kukitoa nacho, lakini mapigo ya moyo wako yalikuwa yamefifia, akafunga haraka. Sasa anakuuliza wewe. Malengelenge hayo huenda yakatulia. Huenda yakavimba, yakageuka ugonjwa wa kuua. Akikitoa, hofu hiyo imekwisha. Lakini mwanamke akikosa vyote viwili huzeeka kabla ya wakati wake. Joto la ghafla, jasho, usingizi kupotea, mwili kukauka. Nenda ukapone. Baada ya siku arobaini urudi useme kibaki au kitoke."

Mwaisha alifikiri. "Na kikibaki kitafanya kazi gani, maana pa kupeleka hayo mayai hapapo tena?"

Severini alimuuliza daktari, akageuka. "Anasema kitaendelea na kazi yake tu."

"Yeye angekuwa mimi angefanyaje?"

Daktari alitazama dirishani kwanza. "Anasema yeye si mwanamke," Severini alisema.

Mwanaheri alianza kuhesabu arobaini siku ya kufika nyumbani. Siku za hospitali alizifuta. "Huko hawakukukanda," alisema, "kwa hiyo huko hukukaa." Alimtunza binti yake kama anavyotunzwa mzazi, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Alimpa uji wa pilipili manga asubuhi, akamkataza kushika maji ya baridi, akamfunga mkaja tumboni, kile kitambaa kirefu anachofungwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Siku kumi za kwanza hakuligusa kovu. Siku ya kumi na moja alichemsha maji, akakamua kitambaa, akaanza kukanda, kwanza kiunoni, halafu ubavuni, halafu taratibu chini ya kitovu.

Mzazi anapokandwa, mkunga hulikuta tumbo la uzazi pale chini ya kitovu, gumu kama ndimu kubwa, na kila siku hulifuata likishuka mpaka lipotee lilikotoka. Mkono wa Mwanaheri ulishuka, ukatafuta. Ukasimama. Ukarudi juu, ukashuka tena upande wa pili, ukabonyea ndani bila kukuta kitu. Mwaisha alikuwa akimtazama usoni.

"Mama. Hakipo."

"Najua hakipo."

"Sasa unatafuta nini?"

"Mkono ndio unaotafuta," Mwanaheri alisema. "Mimi nimeukataza."

Alikamua kitambaa mara mbili zaidi, kikiwa kimekwisha kukauka, akatoka nje akakaa muda mrefu. Hakumkanda tena chini ya kitovu. Wiki ile mwanamke wa kijiji cha pili alipotuma mtu kumwita akazalishe, Mwanaheri alijibu kwamba ana mgonjwa. Wa pili alipotuma, alijibu hivyo hivyo.

Kibwana alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya ulanga nyuma ya mlima, wanakochimba yale mawe yanayong'aa na kumenyeka kama maganda ya kitunguu. Alikuja kila Ijumaa, nywele zikimetameta kwa vumbi lake. Kwa heshima ya mkwe hakuweza kuingia nyumba aliyomo Mwanaheri, wala kusema naye uso kwa uso. Alisimama nyuma ya ukuta, penye tundu la kutolea moshi, akaongea na mkewe kutoka huko.

"Mke wangu, umeamkaje?"

"Salama. Umekula?"

Mwanaheri, aliyekuwa jikoni, alikiambia chungu, "Mwambieni aliye nje asiegemee ukuta, udongo haujashika."

Kibwana alisogea hatua mbili. "Mke wangu, mwambie aliye ndani nimesogea."

"Amesikia."

"Nilipita mjini, nikaonana na Severini. Anasema kimoja kimebaki."

"Kimebaki, ndiyo."

"Basi!" Sauti yake ilipanda kwa furaha. "Kimoja kinatosha. Mbuzi wa jirani yetu Ahmadi ana ziwa moja na analea mapacha."

Mwaisha alicheka, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Angeweza kumwambia palepale kwamba kilichobaki hakina pa kupeleka kitu. Lakini ilikuwa miezi mingi hajasikia sauti ya mumewe ikipanda hivyo, akaiacha ipande. Ijumaa iliyofuata alisikia kwamba Kibwana amekwisha kumwambia dada yake, na wenzake machimboni, na kwamba wazee wake waliokuwa wakimtafutia mke mwingine amewaambia wasubiri kidogo.

Mwanaheri yeye alikuwa na neno moja. "Kitolewe."

"Mama, nitakauka."

"Mimi nimekauka na ninaishi."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Sijui. Nilipokauka nilikuwa tayari nimechoka." Alikuwa akichambua mchicha, na hakuinua kichwa. "Nilimtaka mjukuu. Niliutaka ukoo. Sasa sitaki, nimeacha. Nakutaka wewe. Kitu chenye malengelenge utakibebaje mwilini, ukilala nacho, ukiamka nacho?"

"Na wewe ungekuwa unakipapasa ungesemaje? Kitavimba au hakitavimba?"

Mkono wa Mwanaheri ulisimama kwenye mchicha. Kwa miaka yote Mwaisha hakuwahi kumsikia akijibu swali la tumbo la mtu kwa maneno mawili yale.

"Sijui, mwanangu."

Mabibi wawili wa jirani, waliokwisha kumaliza mambo ya wanawake zamani, walikuja kumwona. Walimpisha mahali katikati yao kwenye mkeka. "Kaa na sisi sasa, umepumzika na kufua vitambaa," mmoja alisema kwa wema kabisa. Mwaisha alikaa kati yao, akanusa ugoro wao, akasikiliza habari za magoti. Walipoondoka aliuondoa mkeka na kuukung'uta kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Siku ya thelathini na moja asubuhi, alipokuwa akijifunga kanga, matiti yalimuuma. Alidhani amelala vibaya. Kesho yake yalikuwa mazito, yamejaa, na kiuno kilivuta kwa namna aliyoijua tangu alipovunja ungo: ndivyo mwili wake ulivyomwarifu siku zote kwamba mwezi umekaribia. Alitafuta kitambaa safi bila kufikiri, akakikunja, akakivaa. Alingoja siku ile. Akangoja ya pili. Ya tatu maumivu yalianza kuondoka taratibu kama kawaida yake, na kitambaa kilikuwa cheupe vilevile.

Alikaa chini ya mgomba nyuma ya nyumba na kile kitambaa mapajani, akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia hospitalini. Kitu kile cha upande wa kulia hakikuambiwa. Kilihesabu siku zake gizani, kikaandaa, kikabisha hodi kwenye mlango usiokuwepo, na bila shaka mwezi ujao kingebisha tena. Alikionea huruma. Ndipo alipojua kwamba hataweza kumpa mtu akitoe.

Ijumaa Kibwana alipokuja, Mwanaheri alikuwa mtoni, kwa hiyo alichungulia mlangoni. Maumivu yalikuwa yamebakia kidogo tu, na Mwaisha alikuwa ameshika titi bila kujua. Kibwana aliona. Uso wake wote ukafunguka.

"Matiti?" aliuliza, karibu kwa kunong'ona. "Kama mara ile ya mtoto?"

"Kaa chini, Kibwana."

Alikaa kizingitini. Mwaisha alimweleza yote, polepole, kama Severini alivyomweleza yeye: kilichotoka ni tumbo la uzazi lenyewe, lote, kilichobaki ni kidogo kama ncha ya kidole, hakuna mtoto atakayekaa hewani. Alisema pia kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba alipocheka habari ya mbuzi alikuwa anamdanganya.

Kibwana alichukua kijiti akachora chini, akafuta, akachora.

"Nimewaambia watu," alisema.

"Najua."

"Dada yangu amewaambia wengine."

"Najua, mume wangu. Nisamehe."

"Na daktari anasema kinaweza kukuua."

"Kinaweza."

"Sasa kikae kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma barua iliyoandikwa kwa mkono asioujua, kisha akasimama, akasema amechelewa machimboni, ingawa ilikuwa Ijumaa na hakuwa akirudi huko mpaka Jumapili.

Siku ya arobaini mama na binti waliteremka mjini kwa miguu, wakipumzika kila penye kivuli. Daktari alilipapasa kovu, akasema limeshika vizuri, akauliza swali lake.

"Kibaki," Mwaisha alisema.

Severini alitafsiri. Daktari alisema maneno mengi, yaliyotafsiriwa kwa machache: arudi kila baada ya miezi mitatu, na siku akiona tumbo linajaa asingoje. Akimgeukia Mwanaheri, Severini aliuliza kama mama naye ameridhika.

"Mimi sikuulizwa," Mwanaheri alisema. "Lakini mwandikie kwamba mama yake yupo, na atakuwa anamtazama."

Walipanda mlima polepole. Penye mwinuko mkali Mwanaheri alimpa binti yake mkono, na Mwaisha akaushika mpaka wakafika, ingawa aliweza kutembea mwenyewe.

Nyumba ya Kibwana ilikuwa wazi. Alikuwa amekuja walipokuwa mjini, akachukua shoka lake, mkeka wake na kanzu yake ya sikukuu. Sufuria aliziacha zote, zimefunikwa. Pili, aliyemwona akiondoka, alisimama mbali mikono kichwani. Ukutani nyuma ya nyumba ya Mwanaheri, pale alipokuwa akisimama, Kibwana alikuwa amepasua kuni tangu asubuhi, akazipanga kwa ukubwa, nyembamba chini ya paa zisilowe, nene nje yake, bila kuegemeza hata moja kwenye udongo wa ukuta.

Mwaisha alizitazama, kisha akachukua mbili akaingia kupika. Kuni zile ziliwatosha mpaka mvua za vuli.