Herufi za Bonge

Jina la Bonge hakupewa na watoto wa mtaani. Alipewa na mumewe, mchoraji wa mabango, siku alipomaliza kuchora herufi zake mpya. Zilikuwa nene, zimeviringwa kila upande, hazina kona wala mkia. O imejaa hadi tundu lake limebaki kama kitovu. Akawaita mafundi wote wa karakana waje kuzitazama kwenye kompyuta.

"Hizi naziita Bonge. Mnauliza nimezitoa wapi? Si huyu hapa! Mke wangu, hebu simama kando ya hii B wakuone."

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mkewe naye akacheka, angefanyaje? Kisha akarudi mezani kwake, maana kazi yake ilikuwa kukata stika za herufi na kubandua vipande vya katikati kwa ncha ya kisu.

Herufi zikashika mji. Muuza magodoro alizitaka, kliniki ya watoto ikazitaka, na mwenye bucha pia. Zinasomeka kwa mbali, walisema, tena zina upole. "Tuandikie kwa Bonge," ndivyo walivyoagiza.

"Shemeji, leo nimekuona ubavuni mwa lori!" fundi bomba alimpigia kelele barabarani.

Mama mkwe naye hakubaki nyuma. "Kumbe ile minofu ina faida. Mimi nilidhani mwanangu kala hasara."

Kisha Bonge akaugua tezi ya shingo. Mwili ukayeyuka, akakonda kama ng'onda. Mumewe akaketi kando ya kitanda, akawa anamtazama kimya, na mgonjwa akafarijika. Hajatazamwa hivyo miaka mingi.

"Inua mkono kidogo," mume alisema kwa upole.

Aliinua. Ndipo akaiona penseli. Mume alikuwa akichora mfupa wa bega.

Herufi nyembamba zikatoka, hazikupata mnunuzi. "Unene wako ulikuwa na maana," mume alimlaumu. "Huu ukondefu haufai hata kwa bango la sumu ya panya."

Hapo akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake. Huko dawa zikamkubali. Alianza kurudisha mwili, akaanza hata kuimba akifua.

Siku moja mume akabisha hodi. Alimkagua kuanzia shingoni hadi kiunoni, uso ukamchanua. "Hapo hapo! Kuna mteja anataka herufi za kati, si nene si nyembamba. Twende nyumbani."

"Kaka, mwambie aondoke."

Lakini kaka alishaingia chumbani, anatoka na begi. "Dada, mume kakufuata mwenyewe, nawe unaringa? Wenzako hawafuatwi."

Jioni ile alisimama karakanani, mwanga wa taa umemwelekea, mikono imeachana na mwili kama alivyoagizwa.

"Na mpaka nimalize," mume alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "usile ovyo. Utaniharibia kazi."

Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni.