Makaa ya Mkoko Chini ya Kitanda

Wanangu mtakaosoma haya, nyinyi mnaoingiza jiko la makaa chumbani mvua ikishika kisha mkafunga dirisha, tulieni niwaambie. Mimi kalamu sikuishika sana, lakini moto naujua.

Kuni si kitu kimoja. Mnazi huwaka mbio kama mwenye hasira, ukigeuka limebaki jivu. Mwembe mbichi utakuliza kabla chungu hakijachemka. Mkorosho hurusha cheche. Mkarafuu hunukia na moto wake ni wa wastani. Lakini mkoko, mwanangu, ni mzito kama jiwe. Makaa yake hukaa mekundu tangu adhuhuri mpaka magharibi, na moshi huuoni. Zama zetu tukiukata ovyo; leo umekatazwa, na vyema.

Nilikuwa mwari wa miaka kumi na sita, kwetu Wingwi, dada yangu Mize alipojifungua mtoto wa kike. Mzazi kwetu alioteshwa moto: chungu cha makaa huwekwa chini ya kitanda cha kamba, mgongo upate joto. Kazi hiyo nilipewa mimi. Mkunga wetu, Bi Riziki, aliniagiza mambo mawili tu: nitumie mkarafuu, na mlango niuache wazi.

Siku ya tano ilinyesha tangu alfajiri. Mkarafuu ulilowa, ukafuka, Mize akakohoa.

"We, unanikausha kama pweza?"

"Pweza hunyamaza, dada. Wewe hunyamazi."

Tukacheka. Nikenda kwa jirani nikaomba makaa ya mkoko, nikajaza chungu. Mlango nikaubana, dirisha nikaliziba kwa kanga. Chumba kikawa kikavu, joto tamu, moshi hamna. Nikajiona hodari.

Baada ya adhuhuri Mize akaniita, na sauti haikuwa yake.

"Kichwa kinapasuka. Kuna mtu kanikalia kifuani."

Nikaingia. Hapakuwa na mtu. Makaa yalikuwa yakinitazama kutoka chini ya kitanda, mekundu, kimya. Paka wetu, aliyependa joto lile, alikuwa kajinyoosha kando yake. Nilipomgusa alikuwa bado na joto, lakini hapumui. Na mtoto hakulia, ilhali saa yake ya kunyonya ilishapita.

Nikamwita mama. Alipomwona paka, uso ukamsawijika.

"Jini! Kamfuata mtoto. Funga mlango asitoke naye!"

Nikatia komeo. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi, na kila akiendelea ulimi ukazidi kuwa mzito. Nikashika kitanda nisianguke. Nikaona ukuta unapumua. Wallahi, hapo nami niliamini.

Hebu fikiri, mwanangu: kila tulivyozidi kuogopa, ndivyo tulivyozidi kujifungia na kile kilichokuwa kikituua.

Bi Riziki alikuwa anakuja kumkanda mzazi. Alipiga hodi, hakujibiwa, akausukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Alimnyakua mtoto akamtoa nje mvuani, akarudi kumburura Mize. Mama na mimi tulitoka kwa kutambaa, tukamkuta Mize kaegemea ukuta, anahema. Mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa. Matone yakampiga usoni, Bi Riziki akimsugua mgongo, nasi tukimtazama. Muda ule sijui kuupima. Kisha akalia.

"Umetia nini chini ya kitanda?"

"Makaa ya mkoko, bibi. Hayana moshi."

"Hayana moshi! Basi na nyoka hana mlio, kamlaze na mtoto! Moshi hubisha hodi, we mwana. Hewa ya makaa haibishi."

"Kwani si jini?" mama akauliza.

"Jini ni huyu hapa," akaninyooshea kidole.

Wazee husema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema pasipo moshi pana salama. Mkubwa akikuagiza mambo mawili, usiyapunguze kwa ujanja wako. Na mtu akiumwa kichwa penye makaa, mtoeni nje kwanza. Dua isomwe huko huko nje. Mola awalinde na msichokiona, awajaalie watoto wanaolia kwa nguvu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alijifungua humu mwangu. Niliwakusanya wote nikawaambia: "Jiko halivuki kizingiti hiki. Mzazi akiona baridi, mfunikeni blanketi, mchemshieni maji. Na huo mlango wa chumba chake, ung'oeni."